Barua ya wazi kwa wakuu wa shule za upili: kwaya haiundwi mwezi wa Mei

Kwa wakuu wa shule za upili na sekondari pevu nchini Kenya, bodi za usimamizi, na walimu mnaotengeneza ratiba.

Waheshimiwa,

Kila mwaka mambo huenda hivi. Muhula wa pili ukifunguliwa, waraka wa Tamasha la Muziki unafika ofisini. Mkuu wa shule anamwita mwalimu mmoja, mara nyingi yule anayejulikana kuimba kanisani, awe anafundisha muziki au biolojia, na kumwambia atafute watoto arobaini. Mazoezi yanawekwa baada ya prepu, saa tatu usiku, bwaloni. Wiki sita zikipita kwaya iko jukwaani. Ikirudi na kikombe, inaitwa gwarideni kupigiwa makofi, kisha inavunjwa. Ikirudi mikono mitupu, inavunjwa bila makofi.

Tunaoandika barua hii ni walimu wa muziki na waelekezi wa kwaya. Hatuna ugomvi na tamasha lenyewe. Limekuwapo tangu 1927 na limelea waimbaji wengi kuliko darasa lolote. Tunachosema ni kwamba kwaya ya shule na somo la nadharia ya muziki ni kitu kimoja, na kitu hicho hakina budi kuwa ndani ya ratiba tangu Januari. Jambo hili lina uzito zaidi sasa. Kundi la kwanza la Gredi ya 10 liliingia Januari 2026, na mkondo wa Sanaa na Sayansi ya Michezo una somo la Muziki na Densi. Wale wa mwisho wa mfumo wa zamani wa 8-4-4 watafanya mtihani wa KCSE mwaka 2027, na wenye kuchukua muziki wana karatasi tatu: utendaji, usikivu na nadharia. Zote tatu hufundishika kwa koo kabla hazijafundishwa kwa kalamu.

Tuanze na hesabu, maana ndiyo lugha ya ofisi. Chukua wimbo wa sauti nne wenye baa 64, yaani vipande 64 vyenye idadi sawa ya mapigo. Mwalimu anayefundisha kwa kukaririsha huimba baa nane, soprano warudie mpaka washike, kisha ahamie alto, tenori, besi. Tuseme kila sauti inakula dakika kumi kwa kila baa nane. Hiyo ni mara nane, mara nne, mara kumi: dakika 320, yaani saa tano na dakika 20, kwa wimbo mmoja, kabla hata haujaanza kupambwa. Na katika saa hizo kila mwimbaji ameimba saa moja na dakika 20 tu. Saa nne zilizobaki amekaa akingoja zamu, akisinzia au akipiga domo. Wakiwa wanasoma nota, sauti zote nne huanza pamoja. Siku ya kwanza wataimba vibaya, lakini wataimba wote, na kufikia wiki ya pili wimbo umesimama. Muda unaodhani unauokoa kwa kufuta kipindi cha nadharia unaupoteza bwaloni usiku.

Kusoma nota kunaanzia kwenye solfa, yaani kuziita sauti za ngazi do, re, mi, fa, so, la, ti, na hapo tuna bahati, kwa sababu makanisa yetu yamekuwa yakiimba kwa d r m f s l t tangu enzi za wamisionari. Lakini solfa inavyotumika shuleni siku hizi imegeuka kuwa maneno ya kukariri: mtoto anaimba "s m r d" kama mtu anayetaja majina ya watu asiowajua. Ngazi inapaswa kujengwa polepole. Wiki mbili za kwanza ni s na m tu, kwa ishara za mkono, mwalimu akionyesha bila kuimba. Kisha l, kisha d na r. Sauti hizo tano watoto wengi huzipata upesi kwa kuwa nyimbo nyingi walizokulia nazo zimejengwa juu yake. F na t huja mwisho, na ndizo zenye kazi, kwa sababu m kwenda f na t kwenda d ni nusu hatua, umbali mfupi kuliko mwingine wote katika ngazi, na sikio ambalo halijafunzwa huipanua. Dakika kumi kila kipindi zinatosha. Saa nzima mara moja kwa wiki haisaidii.

Pamoja na ngazi huja mapigo. Katika maandishi ya solfa nukta pacha hutenganisha pigo na pigo, nukta moja hukata pigo nusu kwa nusu, na kistari huendeleza sauti iliyotangulia. Kosa la kawaida ni kukipuuza kistari: mwimbaji anakata sauti mapema, anavuta pumzi, na kuingia kabla ya wenzake. Ukisikia kwaya "inakimbia", angalia vistari kwanza kabla ya kumlaumu mwelekezi.

Kisha kuna mahali ambapo kwaya nyingi za shule huanguka, na ukijua sababu hutashangaa tena. Wimbo unahama toni katikati, yaani d inahamia sauti nyingine, kwa kawaida kwenda toni ya s, ambapo s ya zamani inakuwa d mpya. Kwenye karatasi ya solfa utaona r ndogo imeandikwa juu, kushoto kwa s. Ni nota ya daraja: sauti ni ileile uliyokuwa ukiiita r, ila kuanzia hapo jina lake ni s. Aliyefundishwa huvuka bila kusita. Aliyekaririshwa huona herufi mbili, akaimba zote mbili, au akaruka juu kutafuta s ya zamani. Alto wakipotea hapo, tenori wanawafuata, na baa nne zinazofuata ni vurugu. Hakuna kiasi cha kurudia kitakachotibu hilo. Linatibiwa na somo moja la dakika 30 ubaoni, mwalimu akionyesha kwamba fe ya toni ya zamani, yaani f iliyopandishwa nusu hatua, ndiyo t ya toni mpya.

Kutoka hapo nota za mistari mitano haziogopeshi. Tunawafundisha kanuni mbili za alama za mwanzo wa mistari: shapu (alama ya kupandisha) ya mwisho upande wa kulia ni t, na flati (ya kushusha) ya mwisho ni f. Ukijua hivyo, d unaipata popote. Watoto wa Gredi ya 10, isitoshe, walishika filimbi za rekoda shule ya msingi, zile zile ambazo wazazi walizinunua wakilalamika. Vidole vya wengi bado vinakumbuka B, A na G. Msingi huo tayari umelipiwa. Ni hasara kuuacha uoze.

Kuhusu nani anaimba nini. Kupima sauti si kumwambia mtoto "imba wimbo wowote". Dakika tatu kwa kila mmoja zinatosha: apande na kushuka skeli kutoka mahali anapojisikia vizuri, arudie vipande vitatu vya sauti nne nne, apige makofi mahadhi (mpangilio wa mapigo) ya baa mbili, kisha ashike d huku mwalimu akiimba m. La mwisho ndilo linaloeleza zaidi. Mwenye sauti tamu asiyeweza kushikilia d yake atavutwa na sauti ya jirani hadi siku ya mwisho. Mipaka salama kwa umri huu ni soprano kutoka C ya kati hadi G iliyo juu ya mistari, alto kutoka A iliyo chini ya C ya kati hadi D ya oktava inayofuata, tenori oktava moja na nusu kutoka C ya chini, na besi kutoka F au G ya chini mpaka C ya kati. Kwaya ya watu 40 husimama vizuri ikiwa na soprano 12, alto 10, tenori 8 na besi 10. Tenori ni wachache kwa sababu kwa kweli hawapo wengi katika umri huo, na kuwatengeneza kwa nguvu kunaumiza.

Hapa tunaomba msikilize kwa makini, hasa shule za wavulana. Mvulana wa miaka 14 au 15 anaweza kuwa bado anavunja sauti. Kwa miezi kadhaa sauti zinazomtoka bila taabu huenda zisizidi sita au nane, na hujui kesho zitakuwa zipi. Shuleni hupelekwa besi kwa kuwa ananguruma, au hufukuzwa kwa kuwa "ameharibika". Yote mawili ni makosa. Besi ya chini itamlazimisha kukaza koo, na akishazoea kukaza, tabia hiyo inabaki hata sauti ikishatulia. Anachohitaji ni sauti nyembamba ya katikati ambayo mwalimu anamwandikia yeye na wenzake, na kupimwa upya kila mwanzo wa muhula. Mwalimu asiyejua nadharia hawezi kuandika sauti hiyo. Kwa wasichana kosa ni jingine: yeyote anayejua kusoma nota anatupwa alto kwa sababu alto ni ngumu, hata kama koo lake ni la soprano.

Mazoezi yenyewe yanahitaji vipindi viwili vilivyoungana, dakika 80. Kumi za mwanzo ni za kulegeza mwili na kuamsha sauti: kuhema kutoka tumboni, mlio wa king'ora kutoka chini hadi juu kwa "ng", kupuliza kupitia mrija wa soda ndani ya maji huku ukiimba. Mrija huo ni wa shilingi chache na hulisaidia koo. Kumi zinazofuata ni ngazi ya solfa na kusoma kipande kipya. Kisha dakika 25 kila sauti na kiongozi wake kona yake, 25 za pamoja, na kumi za mwisho kuimba bila kukatizwa. Saa tatu usiku haifai. Mtoto aliyeamka saa kumi na nusu alfajiri ana pumzi fupi wakati huo, na pumzi fupi ndiyo mama wa kushuka toni.

Kushuka toni ndiyo malalamiko tunayoyapata zaidi kutoka kwa wakuu waliosikia tofauti bila kujua jina lake: "mlianza vizuri lakini mwisho ulikuwa umechoka." Kwaya iliyoanza F imemalizia E. Uchovu ni sababu mojapo tu. M ikiimbwa chini kidogo, kordi nzima, yaani sauti zinazolia pamoja, inazama. Sauti moja ikirudiwa mara sita, kila kurudia kunadondosha unywele. Ngazi za kushuka huimbwa pana mno. Na wakati mwingine wimbo umewekwa katika toni ambayo haikalii sawa kwenye makoo hayo. Upandishe nusu hatua tu na kwaya ileile haitashuka. Dawa ya kwanza ni mwelekezi kupiga sauti ya mwisho kwenye kinanda kila wimbo unapokwisha, wote wasikie walipofika. Ukitaka mfano wa bure, nenda gwarideni Jumatatu asubuhi. Kiranja anaanzisha wimbo wa taifa mahali popote sauti yake ilipoamkia, shule nzima inamfuata, na kufikia katikati wavulana wako oktava ya chini na wasichana wanapiga kelele. Wimbo huo una asili ya bembelezi la Wapokomo na umo katika skeli ndogo, ile inayotulia kwenye l badala ya d. Wanafunzi wanauimba kila wiki kwa miaka mingi na wengi wanamaliza shule bila kuambiwa hivyo. Kumpa kiranja uma wa toni, chuma kinachogongwa kutoa sauti ya kuanzia, kungetosha.

Tukigusa Kiswahili, ndipo utunzi wa lahani, yaani sauti za kuimbia maneno, unapokuwa mtamu. Mtahiniwa hupewa shairi fupi alitungie lahani, na wengi hupoteza alama si kwa kukosa nota bali kwa kukosa mkazo. Lugha yetu hukazia silabi ya pili kutoka mwisho. Neno "barabara" likikaziwa silabi ya tatu, "BA", ni njia ya magari. Likikaziwa silabi ya pili, "RA", maana yake ni sawasawa. Ukiweka silabi isiyo yake kwenye pigo zito, umeibadili njia kuwa sifa. Vivyo hivyo "mtu" ni silabi mbili, m na tu. Mtunzi akiipa m nota yake, ni lazima iimbwe kwa midomo iliyofungwa, kwa toni kamili. Sikilizeni kwaya za shule: nusu huimba "mutu", nusu humeza m na kuingia mapema, na pigo linapasuka. Mwalimu wa Kiswahili na mwalimu wa muziki wakikaa pamoja kipindi kimoja, hilo linakwisha.

Nadharia ya sauti nne nayo haieleweki kwenye daftari peke yake. Unaweza kumwandikia mtoto kwa wino mwekundu kwamba amerudufu t, yaani ameipa sauti mbili kwa pamoja, au kwamba besi na tenori wake wanatembea kwa tano sambamba, yaani wakipanda na kushuka pamoja bila kubadili umbali wa sauti tano kati yao, naye atanakili sahihisho na kulirudia kosa juma lijalo. Mpe badala yake waimbaji wanane siku ya Alhamisi wamwimbie alichoandika. T mbili zikilia pamoja zote zinataka kwenda d, na atasikia wimbo unavyokonda ghafla. Tano sambamba atazisikia kama ukuta ulioachwa bila plasta. Vituo navyo, yaani kordi za kufungia sentensi ya wimbo: tunaviimba kabla ya kuvitaja. Cha "amina" kila mtoto aliyeingia kanisani anakijua. Kilichobaki ni kumwonyesha kwamba ni kordi ya nne kwenda ya kwanza. Hakuna mkuu anayeifunga maabara ya kemia hadi wiki sita kabla ya mtihani. Kwaya ndiyo maabara yetu.

Imla ya muziki ifuate njia hiyohiyo. Lahani ya baa nne hupigwa mara nne: mara ya kwanza wasiandike kitu, wasikilize mapigo na mahali inapotua, ya pili waandike mahadhi peke yake kwa vijistari, ya tatu sauti, ya nne wahakiki. Watoto wanaoanza kuandika sauti ya kwanza papo hapo hukosa zilizobaki zote.

Nyimbo za kiasili tunazipita haraka, si kwa kuzidharau, ila zina waalimu wake vijijini kuliko ofisini. Ombi moja tu: nyatiti ya nyuzi nane isilazimishwe kufuata kinanda. Mpigaji huifunga kwa sikio lake na sauti ya mwimbaji, na darasa la nadharia lijifunze kuandika inacholia.

Sasa vifaa. Orodha yetu ni fupi kuliko mnavyodhani. Chumba kimoja chenye mlango unaofungwa, na kisiwe bwalo: mwangwi wa bwalo huficha makosa, na mvua ikigonga mabati hakuna anayemsikia mwenzake. Ubao uliochorwa mistari mitano kwa rangi ya kudumu, seti tatu, kazi ya fundi rangi asubuhi moja. Kinanda cha umeme cha vitufe 61. Uma wa toni wa A 440, kwa sababu stima hupotea, na kwa sababu kinanda kina kitufe cha kuhamisha toni ambacho mtu hukibonyeza na kukisahau. Kwaya inaweza kujifunza wimbo mwezi mzima hatua nzima juu ya mahali pake na isijue mpaka ifike jukwaani. Daftari la mistari ya muziki kwa kila mwanafunzi, na penseli, si kalamu. Nakala za nyimbo zinunuliwe kwa watunzi au kwa idhini yao. Sheria ya Hakimiliki ya 2001 ipo, na watunzi wengi wa kwaya hapa nchini ni walimu kama sisi.

Kuhusu trena wa kukodi anayeletwa Juni: hatusemi afukuzwe. Wengine ni mabingwa. Lakini alipwe kwa muhula, asilipwe kwa kikombe, kwani anayelipwa kwa kikombe hana sababu ya kufundisha kusoma. Atakaririsha na kuondoka na nota zake mkobani. Mkataba useme ataacha nyimbo zote zikiwa zimeandikwa, na kwamba mwalimu wa muziki atakuwa chumbani kila kipindi. Na karatasi za waamuzi zisiishie kwenye faili la ofisi pamoja na risiti za basi. Maoni yale yameandikwa na watu waliokaa kusikiliza. Yasomwe darasani juma linalofuata, mstari kwa mstari, nadharia mkononi.

Jambo la mwisho ni mgongano wa muhula wa pili. Msimu wa mpira huangukia humohumo, na watoto wenye sauti kubwa ndio hupelekwa uwanjani kushangilia. Alasiri moja ya kushangilia inafuta wiki ya mazoezi. Mwalimu wa michezo na mwalimu wa muziki wapewe kalenda moja, na waliomo kwayani wasilazimishwe kupiga mayowe siku tatu kabla ya kuimba.

Tunachoomba kwa ratiba ya Januari ni hiki: vipindi viwili vilivyoungana vya kwaya kwa wiki, mchana, kwa muhula wote, vipindi vya nadharia visiwekwe siku hiyohiyo, ili kilichoimbwa Jumanne kiandikwe Alhamisi, upimaji wa sauti wiki ya pili ya kila muhula, onyesho dogo la nusu saa mbele ya shule mwishoni mwa muhula wa kwanza, bila waamuzi na bila kikombe. Na ufunguo wa chumba ukae kwa mwalimu wa muziki, usikae kwa bohari.

Wenu katika kazi,
Walimu wa muziki na waelekezi wa kwaya za shule